Leva ya Lori la Baba

6 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko machimboni, na kwamba vumbi la mawe bado halijakumaliza kifua. Sisi hatujambo. Mama goti linamsumbua asubuhi, ila akishakaa kwenye cherehani analisahau. Bado anashona viti vya magari. Cherehani iko uani kwangu, chini ya bati, kwa sababu chumba chetu hakitoshi sisi na maturubai yake. Anakusalimu na anasema ukate ndevu.

Sasa nisikilize. Nimenunua lori. Usicheke. Lilikuwa banda la kuku, na hadi leo nikifungua dashibodi natoa manyoya. Lakini ni ndugu wa tumbo moja na lori la Baba: fremu ileile, injini ileile, difu zilezile. Nataka kulipandisha kile kilima cha udongo nyuma ya kiwanda cha matofali mwezi wa kumi, siku ya mashindano ya chama cha malori ya zamani. Nataka nifike juu, na yule asifike.

Unamjua yule. Baba Mdogo simwiti tena, jina hilo ni la mtu. Kaburi la Baba lilikuwa bado bichi alipokuja na kufuli mpya akafunga gereji, akamwambia Mama aondoe cherehani yake kabla jua halijazama. Lori akalichukua siku hiyohiyo. Jina la Baba pale ubaoni akalipaka rangi, akaandika lake. Hayo unayajua. Usilolijua ni kwamba mwezi uliopita alisimama mbele ya chama kizima akasema lori lile alilijenga yeye kwa mikono yake, na Baba kazi yake ilikuwa kumshikia tochi.

Kumshikia tochi, Mjomba!

Nikasimama nikamwita mwongo. Watu wakacheka. Yeye akatoa ufunguo wa lori mfukoni akautikisa kama anamwita paka: "Siku utakayofika juu ya kilima nami nisifike, njoo uuchukue huu. Ninyi wote mashahidi." Mtu mwenyewe hajawahi hata kulipeleka matopeni. Analizungusha mjini aonekane, na matairi ya nyuma yanamwishia kama sabuni.

Basi nipe ushauri wa loki ya difu. Hakuna anayezijua difu za malori haya kama wewe. Nataka iliyo kali kuliko zote. Nafikiria kuchomelea meno kabisa, mbele na nyuma, magurudumu yasiachane maisha.

Mpwa wako,
Spana

*

19 Machi

Mpwa wangu Spana,

Marahaba. Barua yako imechelewa kwa sababu dereva wa lori la mahitaji aliibandika kwenye kioo cha mbele kuzuia jua. Nusu ya maneno yamepauka, lakini hasira yako haijapauka, nimeisoma yote. Huku simu ni ya kuangalia saa tu. Mimi mzima. Nimelala chini ya katapila wiki nzima, mgongo umekuwa na umbo la jiwe. Mwambie dada yangu ndevu sikati, zinachuja vumbi.

Kwanza, weka chini hiyo mashine ya kuchomelea. Difu, hilo boksi la gia katikati ya ekseli, imewekwa ili kwenye kona gurudumu la nje likimbie kuliko la ndani. Ubaya wake ni mmoja: gurudumu moja likianza kuzunguka bure matopeni, nguvu yote inamkimbilia huyo mvivu, na lile lililoshika ardhi linakaa kama mgeni anayesubiri chai. Loki inayafunga mawili yazunguke pamoja. Kwenye matope ni dawa, kwenye barabara ngumu ni sumu. Ukikata kona hakuna linalompisha mwenzake, tairi linasagika na ekseli inakamuliwa kama nguo. Ukichomelea umeifunga milele, na utakula ekseli kabla hujafika hicho kilima.

Zipo loki zinazojifunga zenyewe ukikanyaga mafuta. Ni imara, ila kwenye utelezi zinaamua zenyewe wakati wa kushika na wakati wa kuachia, na wewe tangu mdogo hupendi kuamuliwa. Zipo za upepo. Ni nzuri, sikatai, lakini zinataka pampu, mipira na sili, na mpira mmoja ukipasuka katikati ya mlima unabaki na kelele ya pampu tu. Na zipo za zamani za leva na waya. Unavuta, meno yanaingia, unayasikia kiganjani. Chukua hiyo. Weka nyuma peke yake. Mbele acha wazi, maana ukifunga mbele kwenye udongo usukani haukatiki, gari litakwenda linakotaka lenyewe.

Halafu nina swali. Shemeji yangu huyo akiwa anazunguka mjini, ile leva ya loki iliyo kushoto kwa kiti cha dereva imeelekea wapi, mbele au nyuma? Usimwulize mtu. Tazama tu uniandikie.

Ni mimi mjomba wako, mwenye ndevu

*

2 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Mama anasema zikishachuja vumbi uzioshe basi. Goti limepata nafuu. Amepata kazi ya kushona viti vya basi zima, ua wote umejaa sponji, nikitoka nje narukaruka kama mbuzi.

Nimekusikiliza, ingawa nilinuna siku kadhaa. Loki ya leva nimeipata kwa mwuza vyuma chakavu, ndani ya lori lililooza kila kitu isipokuwa difu. Nilipofungua kifuniko mafuta yalikuwa meusi lakini meno yanang'aa. Nikakaa pale chini nikacheka peke yangu, mwuza vyuma akadhani nimechanganyikiwa. Meno ya ekseli zangu yalikataa kuingia, ikabidi nichukue na ekseli za lori lile pia. Sasa zimeingia.

Yule naye amesikia ninajenga. Amefunga loki ya upepo kwenye difu ya mbele, mpya, na pampu yake ameiweka juu ya bampa ili kila mtu aione. Alipita kwangu akasimamisha lori, akaiwasha ipige kelele, akaniuliza kuku wangu wanaendeleaje. Nilikuwa na spana mkononi, Mjomba. Nilimtazama kisogoni hadi akapotea.

Umeniuliza leva. Barabarani imelala mbele, siku zote. Amejigamba kwamba siku ya kilima ataivuta nyuma na lori litapanda kama mjusi ukutani. Malori yote si ndivyo yalivyo, unavuta kufunga? Langu ni hivyo. Kwa nini unauliza? Nilipomwambia Mama swali lako, alikata uzi kwa meno akaniagiza nimsogezee sponji.

Spana

*

17 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Niko salama. Mpishi wetu hapa kambini ameacha kazi, sasa tunapikiana kwa zamu, na zamu yangu watu wote wanasema wameshiba kabla hawajala.

Umefanya vizuri kuhusu ekseli. Sasa sikiliza. Punguza upepo wa matairi siku hiyo, yalale kidogo kwenye udongo. Funga loki ukiwa bado chini, kabla hujaanza kupanda. Ukingoja hadi gurudumu linazunguka ndipo uvute, utavunja meno yale uliyoyachekea. Ukifunga, kanyaga mafuta taratibu, mkono mwepesi kwenye usukani, na usisimame kwa mtu yeyote.

Ulichouliza kuhusu leva nitakujibu mashindano yakiisha.

Lori lake usiliguse. Usilisogelee, asije akasema umemfanyia kitu. Mwache aendeshe hivyohivyo, mjini, kila siku, kila kona. Ukimwona anapita mpungie mkono.

Dada yangu alitembea njia nzima na cherehani kichwani, na mimi nilikuwa huku chini ya katapila, sikuweza hata kumpokea upande mmoja. Nami nina changu kwa huyo bwana. Niachie hapo.

Mjomba wako

*

28 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nikaikunja nikaifungua tena. Kuna kitu umekikalia na hutaki kuinuka. Haya, kaa.

Lori linakwenda! Juzi nililipeleka kwenye mtaro nyuma ya soko la mbao, pale malori ya magogo yanapozama. Difu ikiwa wazi lilikwama palepale, gurudumu moja linanirushia matope mgongoni. Nikarudi nyuma, nikavuta leva, nikasikia meno yanaingia, nikapita kama hakuna kitu. Wapakiaji wa mbao walipiga makofi. Nililia kidogo, usimwambie Mama. Nilimwona Baba hasa, akifuta mikono kwa lile tambara lake, akisema "sasa zima injini, umefanya ya kutosha."

Kwa hiyo nipo tayari. Nataka watu wote waje. Nataka aniangalie kutoka chini akiwa amekwama, na nataka akumbuke cherehani.

Habari nyingine si nzuri. Kitinda mimba wetu, mdogo wangu huyo anayeandika risiti pale gerejini na tai shingoni, ambaye tangu tufukuzwe anatuletea sukari kisirisiri kama mwizi, ndiye atakayekaa pembeni ya yule siku ya kilima, kumwangalizia magurudumu. Nilimfuata nikamwuliza ana damu au ana maji. Akasema yeye ameajiriwa, akiambiwa panda anapanda. Basi apande. Nitawapita wote wawili. Mama sijamwambia, goti lake linamtosha.

Spana

*

20 Septemba

Spana,

Salamu baadaye. Barua yako imefika leo na lori la mahitaji linaondoka sasa hivi, dereva ananipigia honi.

Mtoe mdogo wako ndani ya lori lile. Mtoe kwa maneno au kwa kumvuta hiyo tai.

Baba yako alivunjika bega la kushoto kabla wewe hujaanza shule. Mkono ule haukuweza kuvuta tena, lakini kusukuma uliweza. Tuligeuza kibano cha leva, mimi na yeye, nyuma ya gereji. Kwenye lori lile kusukuma mbele ndiyo kufunga. Kuvuta ni kuachia. Hakuna lori jingine lililo hivyo, na yeye mwenyewe hakumruhusu mtu kuigusa.

Uliponiandikia matairi yanaisha kama sabuni, nikajua. Shemeji anaendesha mjini na difu imefungwa, tangu alipolichukua. Zile ekseli zimekamuliwa kila kona mpaka zimechoka. Siku ya kilima atavuta, ataifungua bila kujua, gurudumu moja litazunguka bure, likija kushika jiwe kwa ghafla ekseli inakatika. Difu ikiwa wazi na ekseli imekatika, nyuma hakuna nguvu tena, na mbele peke yake haitoshi. Breki za lori lile unazijua, mlimani hazishiki. Atarudi kinyumenyume.

Nilitaka imtokee mbele ya watu. Niliitaka hiyo siku na bado naitaka. Ila mtoto wa dada yangu sikutaka awemo.

Mjomba

*

15 Oktoba

Mjomba wangu,

Shikamoo. Sote wazima, nakwambia hilo kwanza ili usome yaliyobaki umekaa. Mama hajambo. Kitinda mimba hajambo. Yule ameshonwa kwenye paji la uso na anatembea kwa kuchechemea, lakini anatembea.

Barua yako niliipata asubuhi ileile ya mashindano. Dereva wa lori la mahitaji aliniletea hadi kilimani, nikaisomea nyuma ya lori langu. Mvua ilikuwa imenyesha, udongo ule wa matofali unateleza hata ukisimama tu. Nikaisoma, nikaitia mfuko wa ovaroli, nikakagua upepo wa matairi kama vile sijasoma kitu. Sitakuficha. Nilifikiri nimtoe mdogo wangu kwa kisingizio chochote, halafu ninyamaze. Nililifikiri hilo vizuri, na lilikuwa tamu.

Nikaenda kwenye lori la Baba nikafungua mlango wa upande wa mdogo wangu. "Shuka," nikamwambia.

"Sishuki. Nipo kazini."

"Shuka nakwambia."

Yule akacheka kwa sauti ili wasikie wote. "Binti ameanza kutetemeka! Rudini na kuku wenu nyumbani!"

Hapo ndipo nilipobadilisha mawazo, Mjomba. Nikapanda juu ya bampa, pembeni ya ile pampu yake, nikasema mbele ya chama chote. Nikamwambia leva yake iko kinyume. Kwamba kusukuma ndiyo kufunga, kwamba amekuwa akizunguka mjini na loki ndani, kwamba matairi yalikuwa yanamwambia kila wiki na yeye hakusikia. Nikamwambia ekseli zake zimechoka na asipande.

Mwenyekiti wa chama, yule mzee aliyekuwa dereva wa magogo, akaja akaichungulia leva. Akasema, "Hilo si la kubishania. Leteni jeki. Tunainua gurudumu moja la nyuma, tunalizungusha kwa mkono. Likizunguka ipo wazi, likigoma imefungwa. Tutajua sasa hivi."

Jeki ikaletwa, ikawekwa pale chini. Yule akaitazama. Mjomba, sijawahi kuona mtu anaiogopa jeki namna ile. Aliyelijenga lori lile asingehitaji kuinua gurudumu ili ajue leva inakwenda wapi, na kila mtu pale alilijua hilo.

"Lori nimelijenga mimi," akasema. "Nifundishwe na mtoto wa kike? Ondoeni hicho chuma."

Mdogo wangu alikuwa bado amekaa. Aliitazama leva muda mrefu, halafu akanyoosha kiganja kama anasukuma kitu hewani. "Baba alikuwa anasukuma," akasema, taratibu, kama anajiambia mwenyewe. "Tukifika kwenye matope alikuwa anasukuma hivi." Akafungua mkanda, akashuka na tai yake, akaja kusimama upande wangu.

Utasema nilifanya ubinadamu kumwonya. Mwenyekiti amesema hivyo, na mama yangu amesema hivyo. Wewe nakwambia ukweli. Sikumwonya kwa huruma. Nilimwonya kwa sababu nilijua hatashuka. Nilitaka apande akiwa anajua, na watu wote wakiwa wanajua kwamba anajua.

Nilitangulia mimi. Nilifunga chini kama ulivyosema, nikakanyaga taratibu. Katikati lilitaka kulala upande, nikaliacha lijirudi lenyewe. Nikafika juu. Nikazima injini nikapanda juu ya boneti kutazama.

Akavuta leva. Nilimwona anavuta, kwa nguvu zote. Akawasha na pampu yake, akafunga mbele. Alipanda hadi pale kwenye mawe, kisha gurudumu la nyuma la kulia likaanza kuzunguka bure, linarusha udongo juu ya watu. Akakata usukani, usukani ukakataa, mbele ikaenda moja kwa moja kuelekea mtaro wa maji ulio pembeni mwa kilima. Gurudumu likashika jiwe. Ule mlio niliusikia hadi kule juu. Lori likasimama kidogo kama linafikiri, halafu likaanza kurudi, taratibu kwanza, kisha siyo taratibu tena. Likaingia mtaroni kinyumenyume, likalala ubavu kwenye ukingo wa udongo. Akatokea dirishani, mwekundu wa matope na damu, hatambuliki.

Nilifurahi. Nimetafuta neno jingine la kukuandikia na sijalipata. Nilifurahi hadi nikakaa palepale kwenye boneti.

Alipopata pumzi akaanza kupiga kelele kwamba ekseli imekatwa kwa msumeno. Mwenyekiti akamwonyesha ile jeki, ilikuwa bado pale ilipowekwa. Mdogo wangu akashuka mtaroni, akaingiza mkono dirishani akachomoa ufunguo, akapanda kilima kwa miguu, anateleza, anainuka, mpaka juu kwangu. Tai ilikuwa imebadilika rangi. Sijamsamehe bado. Ufunguo niliupokea.

Tulilivuta lori kwa lori la kuku, jambo ambalo nililisimamia mwenyewe ili liende polepole na kila mtu aone. Ekseli nimebadilisha zote mbili, ile iliyokatika ilikuwa imejisokota kama kamba. Pampu ya upepo nimemrudishia kwa mkono wa mdogo wangu, aliyeacha kazi siku hiyohiyo. Kibano cha leva sikukigusa. Ubao wa gereji bado una jina lake. Hilo nalo nitalifuata.

Jana nilimpandisha Mama. Kiti ni kilekile alichomshonea Baba, uzi wake haujaachia hata mahali pamoja. Aliupapasa, akajiweka sawa, akaniambia nipite njia ya uani kwanza kwa sababu kuna matope. Nikasukuma leva, tukapita. Akataka tupite mbele ya gereji, polepole. Yule alikuwa mlangoni na bandeji yake. Mama hakumtazama, alikuwa anatazama mbele kama mtu anayekwenda kazini. Tulipofika kwenye lami nikaanza kukata kona.

"Vuta," Mama akasema. "Tumeingia lami."

Nikavuta. Nikasimamisha lori kabisa, Mjomba, katikati ya barabara. "Mama, ulijua?"

"Nimekaa kiti hiki ndoa yangu yote, nisijue mkono wa mume wangu unakwenda wapi?"

"Mbona hukusema?"

"Huyo mdogo wako kukaa humu ndani sikuambiwa na mtu. Ningejua, ningekwenda mwenyewe kumtoa," akasema, akaninyooshea kidole. Kisha akakunja mikono akaangalia mbele. "Lakini yule bwana alipokuwa anapita pale kwetu, nilikuwa nayasikia matairi yanavyolia kwenye kona. Nilikuwa nashona vizuri sana siku hizo."

Mpwa wako,
Spana